Wi-Fi ya nyumbani: Namba ya tarakimu nane na bei ya urahisi

Ruta nyingi zinazotumika majumbani hubandikwa karatasi ndogo upande wa chini au wa nyuma. Juu ya karatasi hiyo huandikwa jina la mtandao, nywila yake, na mara nyingi namba ya tarakimu nane ambayo wenye nyumba wengi hawajawahi kuitumia wala kujua kazi yake. Namba hiyo ni sehemu ya utaratibu uitwao WPS, uliobuniwa ili kuunganisha simu, printa au runinga na mtandao wa nyumbani bila taabu ya kuandika nywila ndefu. Mwishoni mwa mwaka 2011 ilibainika kwamba namba hiyo hiyo huweza kumfungulia mlango mtu asiyeijua nywila, na kwa muda wa saa chache tu.

Kisa cha WPS ni mfano wa wazi wa mvutano usiokwisha baina ya urahisi na usalama katika mitandao isiyotumia waya. Makala hii inaeleza utaratibu huo ulivyoanza, kasoro yake ilipotokea, njia nyingine za mkato zilizofuata, na hatua ambazo mwenye nyumba anaweza kuzichukua bila kuwa fundi wa kompyuta.

Kwa nini njia ya mkato ilitafutwa

Kiwango cha kwanza cha mawasiliano ya Wi-Fi, kijulikanacho kwa namba 802.11, kilitolewa mwaka 1997 na taasisi ya wahandisi ya IEEE. Kilikuja na kinga iitwayo WEP. Mtumiaji aliyetaka kuitumia alitakiwa kuingiza ufunguo ambao mara nyingi ulikuwa mfuatano wa alama 10 au 26, mchanganyiko wa tarakimu na herufi kutoka A hadi F, usio na maana yoyote kwa binadamu. Kosa la alama moja tu lilitosha kuuzuia muunganisho, na kifaa hakikusema kosa liko wapi. Watu wengi walikata tamaa na kuuacha mtandao wao wazi.

Hata waliovumilia taabu hiyo hawakupata ulinzi wa kutosha. Mwaka 2001 wataalamu watatu, Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir, walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa ufunguo wa WEP unaweza kupatikana kwa kusikiliza mawasiliano yanayopita hewani. Kinga mpya, WPA, ilitolewa mwaka 2003, ikafuatiwa na WPA2 mwaka 2004. WPA2 iliruhusu nywila ya kawaida yenye herufi 8 hadi 63, na hadi leo ndiyo inayolinda mitandao mingi ya nyumbani.

Tatizo la mtumiaji wa kawaida, hata hivyo, lilibaki palepale. Printa haina baobonye ya kuandikia. Runinga inayo rimoti tu, na kuandika nywila ya herufi 20 kwa rimoti ni kazi inayochosha. Muungano wa makampuni yanayotengeneza vifaa hivyo, Wi-Fi Alliance, ulileta jibu lake mwaka 2007: utaratibu wa WPS.

WPS inavyofanya kazi

Utaratibu huo una njia mbili zinazotumika zaidi. Ya kwanza ni kitufe. Mwenye nyumba hubonyeza kitufe kilicho kwenye ruta, kisha hubonyeza kingine kwenye kifaa kipya, au huchagua WPS katika mipangilio yake. Kwa muda wa dakika mbili ruta huwa tayari kumpokea mgeni. Ikimwona, humkabidhi nywila ya mtandao kimyakimya, na kazi inaisha.

Njia ya pili ni namba ya siri ya tarakimu nane. Kifaa kinachotaka kujiunga huthibitisha kwamba kinaijua namba iliyoandikwa kwenye ruta, nayo ruta hukipa nywila. Kwa mujibu wa masharti ya uthibitisho wa WPS, kila kifaa kilichotaka kubeba nembo hiyo kilipaswa kuikubali njia ya namba. Kwa sababu hiyo mamilioni ya ruta yaliingia majumbani yakiwa na namba hiyo, nayo ikiwa imewashwa tangu kiwandani.

Tofauti ya njia hizi mbili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kitufe kinahitaji mkono wa mtu aliye ndani ya nyumba, na mlango hufunguka kwa dakika mbili tu. Namba ya siri haihitaji mkono wa mtu yeyote. Ruta huisikiliza usiku na mchana, na yeyote aliye karibu kiasi cha kupata mawimbi, awe jirani wa ghorofa ya juu au mtu aliyeegesha gari barabarani, anaweza kujaribu namba atakavyo.

Hesabu iliyobomoa ulinzi

Kwa mtazamo wa haraka, tarakimu nane zinaonekana kuwa kinga tosha. Michanganyiko yake ni 100,000,000. Lakini mtafiti kutoka Austria, Stefan Viehböck, alipouchunguza utaratibu huo mwaka 2011, aligundua kuwa hesabu halisi ni ndogo mno.

Kwanza, tarakimu ya nane si ya siri. Ni tarakimu ya uhakiki, inayopatikana kwa kufanya hesabu juu ya zile saba zinazoitangulia. Michanganyiko inashuka mara moja hadi 10,000,000.

Pili, na hapa ndipo penye kosa kubwa, ruta haiikagui namba yote kwa pamoja. Huigawa nusu mbili. Hukagua tarakimu nne za kwanza, na zikiwa si sahihi hukataa papo hapo. Mshambuliaji kwa hiyo huambiwa kwamba nusu ya kwanza imekosewa kabla hajaigusa nusu ya pili. Nusu ya kwanza ina michanganyiko 10,000. Nusu ya pili ina tarakimu tatu tu zisizojulikana, yaani michanganyiko 1,000. Badala ya kuzidishana, namba hizi mbili zinajumlishwa: 11,000.

Maana yake kwa muda ni hii. Ikiwa jaribio moja linachukua sekunde mbili, kujaribu michanganyiko 10,000,000 kungechukua zaidi ya siku 230. Kujaribu michanganyiko 11,000 kunachukua saa 6 na dakika chache. Ni kama mtu aliyefunga nyumba yake kwa kufuli zito, kisha kufuli lenyewe likawa linamnong'oneza mwizi kila anapokaribia kulifungua.

Ruta nyingi za wakati huo hazikuwa na kikomo cha majaribio, hivyo hakuna kilichomzuia mshambuliaji kuendelea hadi afanikiwe. Desemba 2011 kituo cha usalama wa kompyuta cha CERT nchini Marekani kilitoa tahadhari kuhusu kasoro hiyo na kuwashauri watumiaji kuizima WPS. Craig Heffner, mtaalamu wa kampuni ya Tactical Network Solutions ya Marekani aliyekuwa ameligundua tatizo hilo kwa njia yake, alitoa programu iitwayo Reaver inayofanya majaribio hayo yenyewe. Tangu hapo, shambulio lililohitaji mtafiti likawa jambo linaloweza kufanywa na mtu yeyote mwenye kompyuta ndogo na subira ya saa kadhaa.

Jambo moja huwashangaza wengi: kubadili nywila ya Wi-Fi hakusaidii dhidi ya shambulio hili. Mwenye namba ya WPS huikabidhiwa nywila mpya vilevile, kwa sababu ndiyo kazi ya utaratibu wenyewe. Nywila yaweza kuwa na herufi 63 zilizochaguliwa kwa makini. Namba ya tarakimu nane iliyo chini ya ruta inabaki ileile.

Kasoro ya pili, mwaka 2014

Watengenezaji walijibu kwa kuweka kikomo. Ruta mpya hujifungia kwa muda baada ya majaribio machache yaliyoshindwa, na saa zile sita zikageuka kuwa siku au majuma.

Mwaka 2014 mtafiti Dominique Bongard alionyesha njia inayokikwepa kikomo hicho. Katika mazungumzo ya WPS, ruta huzificha nusu mbili za namba kwa kuzichanganya na namba za nasibu ambazo hakuna anayepaswa kuzikisia. Katika ruta zilizotumia baadhi ya chipu, namba hizo hazikuwa za nasibu kamwe. Nyingine zilikuwa sifuri, nyingine zilikuwa rahisi kukokotolewa. Mshambuliaji alihitaji kuzungumza na ruta mara moja tu, kisha kwenda kufanya hesabu kwenye kompyuta yake mwenyewe bila ruta kujua lolote. Shambulio hilo lilipewa jina la Pixie Dust, na dhidi ya ruta zenye kasoro hiyo kazi ya saa nyingi huisha kwa dakika chache au chini ya hapo.

Baadhi ya makampuni ya simu janja hayakuipenda WPS tangu mwanzo, mengine yaliiacha. Simu za iPhone hazikuwahi kuwa nayo. Google iliiondoa katika Android 9, toleo la mwaka 2018. Kwenye ruta, printa na runinga, hata hivyo, WPS bado ipo. Ruta haibadilishwi mara kwa mara kama simu. Huwekwa juu ya kabati na kusahauliwa kwa miaka.

Nywila za kiwandani

WPS si njia pekee ya mkato. Kuna nyingine ya zamani zaidi, ambayo ni kuiacha ruta na nywila iliyotoka nayo kiwandani.

Nywila hizo ni za namna mbili. Kuna nywila ya mtandao, inayoandikwa kwenye simu ili kupata intaneti, na kuna nywila ya msimamizi, inayofungua ukurasa wa mipangilio ya ruta. Wengi huifahamu ya kwanza tu.

Kuhusu ile ya kwanza, nywila inayoonekana kuwa ya nasibu si lazima iwe ya nasibu. Mwaka 2008 mtafiti Kevin Devine alibainisha kwamba ruta za Thomson SpeedTouch, zilizotumika katika nchi kadhaa za Ulaya, zilitengeneza nywila ya Wi-Fi kutokana na namba ya utengenezaji ya ruta. Jina la mtandao, ambalo kila aliye karibu huliona, lilitokana na hesabu hiyohiyo. Aliyeliona jina aliweza kurudi nyuma na kuipata nywila.

Kuhusu ile ya pili, funzo kubwa lilitolewa mwaka 2016 na programu hasidi iitwayo Mirai. Ilizunguka kwenye intaneti ikitafuta kamera za ulinzi, ruta na vifaa vingine, na kujaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani zipatazo 60. Hiyo tu ilitosha kuvikusanya vifaa vingi mno na kuvifanya jeshi linalotii amri ya mtu wa mbali. Tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi hilo liliishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na huduma kubwa kama Twitter, Netflix na Spotify zikawa hazipatikani kwa saa kadhaa katika sehemu za Marekani na Ulaya.

Afrika nayo iliguswa. Mwaka huohuo kampuni ya simu ya Lonestar nchini Liberia ilishambuliwa kwa kutumia Mirai, na huduma za intaneti nchini humo zikavurugika. Raia mmoja wa Uingereza, aliyekodishwa na mtu wa kampuni shindani, alihukumiwa mjini London Januari 2019 kifungo cha miaka miwili na miezi minane. Novemba 2016, jaribio la kuziingiza ruta za majumbani katika jeshi la namna hiyo liliwakatia huduma wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom nchini Ujerumani.

Wenye kamera na ruta hizo hawakuibiwa fedha, na wengi hawakujua kamwe kwamba vifaa vyao vilishiriki katika mashambulio hayo. Hapo ndipo ugumu wa suala hili ulipo: hasara ya mlango ulioachwa wazi mara nyingi humwangukia mtu mwingine, na mwenye nyumba haoni sababu ya kuufunga.

Kuwapa wengine nywila

Katika maisha ya kila siku, swali linaloulizwa zaidi na mgeni baada ya salamu na chai ni nywila ya Wi-Fi. Kumnyima ni aibu. Kumpa ni kumpa ufunguo ambao hautarudishwa. Simu yake huukumbuka, na ikiwa ni simu inayohifadhi nakala zake mtandaoni, ufunguo husafiri pia hadi kwenye vifaa vyake vingine.

Makampuni yamejaribu kulirahisisha jambo hili kwa njia mbalimbali. Mwaka 2015 Microsoft ilitoa Windows 10 ikiwa na huduma iliyoitwa Wi-Fi Sense, iliyoweza kuwashirikisha nywila za mitandao marafiki wa mtumiaji wa Outlook, Skype na Facebook. Mwenye mtandao ambaye hakutaka nywila yake isambae kwa njia hiyo alitakiwa kubadili jina la mtandao wake na kuliongezea neno maalumu la kukataa. Lawama zilikuwa nyingi, watumiaji wachache, na mwaka 2016 Microsoft ikaiondoa sehemu hiyo ya kushirikishana.

Njia iliyoenea leo ni msimbo wa QR, ule mraba wenye vinukta vyeusi na vyeupe. Simu za Android zilianza kuutumia kushirikisha Wi-Fi katika toleo la 10 la mwaka 2019. Ni njia nzuri, lakini inahitaji kueleweka: msimbo huo una nywila yenyewe ndani yake, haikufichwa kwa namna yoyote. Aliyeupiga picha ameipiga picha nywila. Msimbo uliochapishwa na kubandikwa ukutani, kisha ukaonekana nyuma ya watu katika picha ya sherehe iliyowekwa mtandaoni, umetangazwa kwa dunia nzima.

Vifaa vya nyumbani vinavyojiunganisha vyenyewe navyo vina historia yake. Mwaka 2019 kampuni ya usalama ya Bitdefender ilieleza kwamba kengele ya mlangoni ya Ring Video Doorbell Pro, wakati wa kuunganishwa, ilipokea nywila ya Wi-Fi kupitia mawasiliano yasiyofichwa, hivyo aliye karibu angeweza kuisikia. Kasoro hiyo ilirekebishwa. Wakati wa kuunganisha kifaa kwa mara ya kwanza ndio wakati ambao siri hubadilishana mikono, na kwa hiyo ndio wakati dhaifu kuliko wote.

Aliyeingia anaweza kufanya nini

Hasara ya kwanza huonekana kwenye bando. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki na Kati intaneti hutoka kwenye ruta yenye laini ya simu, na data hununuliwa kwa kipimo. Mtu mmoja asiyealikwa anayetazama video usiku kucha anaweza kumaliza bando ambalo familia ilikusudia kulitumia mwezi mzima, na mwenye nyumba akaishia kuilaumu kampuni ya simu.

Hasara ya pili haionekani. Vifaa vilivyo ndani ya mtandao mmoja huaminiana kuliko vinavyowaamini walio nje. Aliyeingia anaweza kuiona printa, kamera, runinga na mafaili yaliyoshirikishwa bila nywila. Akiifikia nywila ya msimamizi ambayo haikubadilishwa, anaweza kuigeuza ruta yenyewe, na hasa sehemu inayoamua majina ya tovuti yaelekee wapi. Nchini Brazil, mwaka 2011, wahalifu walibadili mipangilio hiyo katika modemu zipatazo milioni 4.5 kwa kutumia kasoro zilizokuwamo ndani yake, na kuwapeleka watumiaji kwenye kurasa bandia, zikiwemo za benki. Leo tovuti nyingi hulindwa kwa usimbaji fiche, na kivinjari huonya pale cheti cha tovuti kinapokuwa na shaka. Onyo hilo, hata hivyo, humsaidia tu yule asiyelipuuza.

Hasara ya tatu ni ya kisheria. Kinachofanywa kupitia mtandao wa nyumba huonekana nje kuwa kimefanywa na mwenye laini. Sheria za nchi kadhaa za ukanda huu, ikiwemo ya Uganda ya mwaka 2011, ya Tanzania ya mwaka 2015, na za Kenya na Rwanda za mwaka 2018, zinakataza kuingia katika mifumo ya kompyuta bila idhini. Sheria hizo zinamlinda mwenye mtandao dhidi ya mvamizi, lakini polisi wanapoanza kufuatilia, mlango wa kwanza kugongwa ni wa yule ambaye jina lake liko kwenye mkataba wa huduma.

Kizazi kipya cha ulinzi

Mwaka 2018 Wi-Fi Alliance ilianza kuthibitisha vifaa vyenye kinga mpya, WPA3, na tangu Julai 2020 kila kifaa kipya kinachotaka nembo ya muungano huo lazima kiwe nayo. Tofauti yake kubwa na WPA2 ni hii: chini ya WPA2, mtu anaweza kurekodi hewani mazungumzo ya simu inapojiunga na mtandao, kisha kwenda nyumbani kwake na kukisia nywila mamilioni ya mara bila kuonekana. WPA3 humlazimu kufanya kila jaribio mbele ya ruta yenyewe.

Pamoja nayo ulikuja utaratibu uitwao Wi-Fi Easy Connect, uliokusudiwa kuwa mrithi wa WPS. Huu pia hutumia msimbo wa QR, ila msimbo wenyewe hubandikwa kwenye kifaa kinachoingia na hauna nywila ndani yake. Una ufunguo wa wazi, ambao hata ukionwa na watu wote haumpi yeyote njia ya kuingia. Mwenye nyumba huusoma kwa simu yake, na simu ndiyo inayokiruhusu kifaa. Urahisi unabaki uleule wa kuelekeza simu na kusubiri. Kilichobadilika ni kwamba hakuna siri iliyoachwa wazi.

Serikali nazo zimeanza kuingilia. Jimbo la California nchini Marekani liliweka sheria iliyoanza kutumika Januari mosi 2020, inayotaka kila kifaa kinachounganishwa na intaneti kiwe na nywila yake pekee au kimlazimishe mtumiaji kuweka mpya. Uingereza ilizipiga marufuku nywila za kiwandani zinazofanana au zinazokisika kirahisi kuanzia tarehe 29 Aprili 2024, na inawataka watengenezaji waseme bidhaa zitapewa masasisho ya usalama kwa muda gani. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria pana zaidi mwaka 2024, ambayo masharti yake makuu yataanza kutumika Desemba 2027.

Hatua za kuchukua nyumbani

Hatua nyingi hufanyika katika ukurasa wa mipangilio ya ruta, ambao anwani yake huandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa au katika programu ya kampuni inayotoa huduma.

Ya kwanza ni kubadili nywila ya msimamizi. Iandikwe katika daftari na kuhifadhiwa pahali salama ndani ya nyumba. Hakuna ubaya wa kuandika. Mwizi wa mtandaoni hawezi kusoma daftari lililo kabatini.

Ya pili ni kuzima WPS. Ikiwa ruta inaruhusu kuzima njia ya namba peke yake na kubakiza kitufe, hiyo ni suluhu ya kati inayokubalika kwa nyumba yenye printa au runinga ya zamani. Kama hairuhusu, ni vyema kuiwasha WPS wakati wa kuunganisha kifaa tu, kisha kuizima. Ruta ya zamani ambayo WPS yake haizimiki kabisa inastahili kubadilishwa fedha zikipatikana.

Ya tatu ni kuchagua WPA3, au WPA2 pale ambapo vifaa vya zamani haviikubali WPA3. WEP isitumike kamwe.

Ya nne ni nywila ndefu inayosemeka. Maneno manne au matano ya Kiswahili yasiyohusiana, yaliyochaguliwa kwa kubahatisha, ni rahisi kumtajia mgeni na ni magumu kukisia kuliko neno moja fupi lenye alama za ajabu. Jina la mtoto, namba ya simu na mwaka wa kuzaliwa havifai, wala methali inayojulikana na kila mtu.

Ya tano, na pengine yenye manufaa zaidi, ni kuwasha mtandao wa wageni. Ruta nyingi zina uwezo wa kutoa mtandao wa pili wenye jina na nywila yake, unaofika kwenye intaneti lakini haufiki kwenye vifaa vya ndani. Mgeni hukaribishwa sebuleni, hapewi ufunguo wa chumba cha kulala. Kamera, balbu na plagi za kisasa zinaweza pia kuwekwa katika mtandao huo, kwa kuwa vifaa hivyo ndivyo vinavyosahaulika zaidi kupewa masasisho.

Ya sita ni masasisho yenyewe. Oktoba 2017 mtafiti Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha KU Leuven nchini Ubelgiji alitangaza kasoro katika WPA2 iliyoitwa KRACK, iliyogusa karibu kila kifaa cha Wi-Fi. Dawa yake ilikuwa sasisho la programu. Kifaa kilichosasishwa kilipona, kisichosasishwa kilibaki na jeraha.

Zipo pia hatua zinazosifiwa lakini zisizo na nguvu. Kulificha jina la mtandao hakumzuii mtu mwenye programu ya kusikiliza, kwa sababu simu za nyumbani hulitaja jina hilo zinapojiunga. Kuruhusu vifaa kwa orodha ya namba zake za utambulisho ni kazi nyingi kwa faida ndogo, maana namba hizo hupita hewani na huweza kuigwa.

Urahisi hauna budi kuwepo

Ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba urahisi ni adui. Kinga ngumu isiyotumiwa na mtu hailindi chochote, na mitandao iliyoachwa wazi enzi za WEP ni ushahidi wa hilo. Waliobuni WPS walikuwa na nia njema na walilijua tatizo halisi. Walikosea kwa kuwaachia wenye nyumba mlango wa pili uliokuwa wazi wakati wote, bila kuwaambia upo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mtandao wa nyumbani, ufa wenyewe mara nyingi ni mpangilio mmoja uliosahaulika tangu siku ruta ilipotolewa kwenye boksi. Kuutafuta na kuufunga huchukua chini ya nusu saa, na pa kuanzia ni kuigeuza ruta na kusoma kilichoandikwa chini yake.